Ubepari na ujamaa: tuk-tuk ni ya nani, na hesabu inakwenda wapi?

Bandari ya Mombasa ikitajwa tu kwenye taarifa ya habari, maskani zinagawanyika. Anayetaka gati zibaki mikononi mwa serikali anaitwa msoshalisti. Anayetaka zikodishwe kwa kampuni anaitwa bepari, kwa sauti ile ile ya kumwita mtu mwizi. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia ukiwa umekatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na asilimia 1.5 ya nyumba, na yule yule aliyekuwa akitetea bandari ya umma sasa analalamika kwamba Kenya imekuwa nchi ya kikomunisti. Wa tatu anauliza, kikombe cha kahawa mkononi: "Yakhe, kama ukomunisti ni umaskini, Wachina wamezipata wapi pesa za kutujengea reli?"

Swali zuri, na tutalifikia. Kwanza tuone kwamba watu hawa watatu hawabishanii kitu kimoja. Wa kwanza anazungumzia umiliki, wa pili kodi, wa tatu chama kinachotawala. Maneno ubepari na ujamaa yamebebeshwa yote hayo na mengine zaidi, mpaka yamebaki kuwa matusi tu.

Ubepari ni mfumo wa uchumi ambamo vitu vya kuzalishia mali, yaani ardhi, viwanda, mashine, meli, magari ya biashara, ni vya watu binafsi au kampuni zao. Vinaendeshwa kwa kutafuta faida, na kazi yenyewe inafanywa zaidi na watu wanaouza nguvu zao kwa ujira kwa sababu wao hawana vitu hivyo. Nini kitengenezwe, kiasi gani na kwa bei gani, huamuliwa kwa sehemu kubwa sokoni.

Ujamaa, ambao wengine huuita usoshalisti, ni mfumo ambamo vitu hivyo vikuu ni mali ya jamii. Vinaweza kushikwa na dola, na serikali ya mtaa, na kijiji, au na ushirika wa wafanyakazi wenyewe. Faida ni ya wote, na matumizi yake yanaamuliwa kwa pamoja, au na wale wanaosema wanaamua kwa niaba ya wote. Nafasi ya soko mara nyingi inachukuliwa na mpango.

Ukomunisti je? Katika maandishi ya Karl Marx ni hatua ya mbali zaidi, ambapo matabaka na hata dola yenyewe vitakuwa vimetoweka. Hakuna dola kubwa iliyowahi kudai kwamba imefika huko. Muungano wa Kisovieti ulijiita wa kisoshalisti mpaka siku unavunjika mwaka 1991. Nchi zinazoitwa za kikomunisti ni nchi zinazotawaliwa na chama chenye jina hilo, na mambo yanayofanyika humo kiuchumi hutofautiana sana.

Kodi haimo katika maelezo hayo. Wala uchaguzi, wala dini. Kuna nchi za kibepari zilizotawaliwa na majenerali, na kuna wajamaa waliokuwa wacha Mungu; Julius Nyerere hakukosa misa. Kinachotenganisha mifumo hii ni maswali machache makavu: kitu ni cha nani, nani anapanga kitumikeje, faida inakwenda kwa nani, na ikitokea hasara inamwangukia nani.

Hesabu ya jioni

Chukua tuk-tuk moja inayopiga kazi kati ya Kongowea na Nyali. Dereva anaichukua kwa mwenyewe alfajiri. Tuseme hadi saa tatu za usiku amekusanya shilingi 2,500. Petroli imekula 700. Kuna mia mbili za pancha, za kuosha, na za hapa na pale ambazo hakuna anayeziandika. Mwenye tuk-tuk anangoja hesabu yake, shilingi 1,000, na hesabu haijui mvua wala homa: siku abiria hawakutoka, ni ile ile elfu moja. Zinazobaki, mia sita, ndizo za dereva.

Mwenye tuk-tuk siku hiyo hakushika usukani. Je, amemnyonya dereva?

Mtetezi wa ubepari atakwambia hapana. Yule mtu alijinyima, au alikopa kwa riba, akanunua chombo. Kikiibiwa, kikigongwa, deni la benki linabaki juu yake. Pasipo yeye, dereva angeshinda barazani. Ile elfu moja ni malipo ya mtaji wake na ya kuthubutu kwake, na ndiyo inayomfanya akafikirie kununua ya pili, ambayo itampa mtu mwingine kazi.

Mjamaa atajibu kwamba tuk-tuk isiyo na dereva ni bati limesimama. Elfu moja ile imetoka kwenye masaa kumi na tano ya mtu mwingine. Mtaji ukisharudi wote, hesabu inaendelea kutolewa siku baada ya siku, na dereva yuko pale pale alipoanzia, ila mgongo sasa unamuuma. Thamani hiyo inayotokana na kazi ya mfanyakazi lakini inaishia kwa mwenye mtaji ndiyo Marx aliyoiita thamani ya ziada, katika kitabu chake kikubwa kilichotoka mwaka 1867. Nadharia yake nzima imeegemea hapo.

Mimi naona wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana ubishi huu hauishi. Mtaji unafanya kazi, na mwenye nao huwa na nguvu kuliko asiye nao, kwa sababu dereva akikataa masharti wako wengine kumi kwenye steji wanaosubiri funguo.

Sasa badilisha umiliki. Kaunti ikinunua tuk-tuk mia tano na kuajiri madereva kwa mshahara, huo ni umiliki wa umma. Hesabu inakwenda kwenye hazina ya kaunti, dereva akiugua analipwa. Papo hapo yanazuka maswali mengine: nani atajali mafuta ya injini yasipobadilishwa, na kwa nini dereva ajihangaishe na abiria wa saa tatu usiku ikiwa mshahara ni ule ule? Madereva ishirini wakichanga, wakanunua zao na kugawana kinachopatikana, huo ni ushirika, na ushirika wa namna hiyo ni ujamaa kamili usiohitaji waziri wala amri ya serikali. Bosi hakuna. Lakini hasara nayo ni yao, na pesa za kuanzia ndizo hizo walizokuwa hawana.

Hapo mtu huruka na kusema, basi SACCO za matatu, yaani vyama vya akiba na mikopo, ni ujamaa. La. Tangu serikali ilipolazimisha matatu ziingie chini ya SACCO au kampuni, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanachama wa nyingi ya SACCO hizo ni wenye magari. Dereva na makanga hawamo, wao ni wa kuajiriwa kwa siku. Ushirika ni ushirika kweli, ila ni wa wenye mtaji.

Biashara ilikuwapo kabla ya ubepari

Kosa linalorudiwa zaidi katika mji kama huu ni kudhani kwamba kila penye duka pana ubepari. Ingekuwa hivyo, Mombasa ingekuwa ya kibepari kabla ya Ulaya. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 alikuta watu wa mji wakila nafaka iliyoletwa kwa njia ya biashara kutoka nje ya kisiwa. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, yakibeba boriti, pembe na ngozi, yakileta tende, vitambaa na vyombo. Watu walinunua, waliuza, walikopeshana, walitajirika. Soko ni la kale kuliko ubepari, na linaweza kukaa ndani ya ujamaa vile vile.

Kilichokuja na ubepari ni ardhi na kazi ya binadamu kugeuka bidhaa zinazonunuliwa kama tende. Kwetu hili lilitokea haraka na kwa mkono wa dola. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hatimiliki za ardhi: aliyekuwa na hati au aliyeweza kuipata akawa mwenye shamba, na aliyekuwa analima tu bila karatasi akaamka ni maskwota. Kodi ikatakiwa ilipwe kwa pesa taslimu, na pesa taslimu zilipatikana kwa kwenda kuuza nguvu zako, kwenye mashamba au bandarini. Wala tusiipambe enzi iliyotangulia: mashamba ya minazi na nafaka ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa. Lakini mtu wa mshahara, asiye mtumwa na asiye na shamba, ni zao la kipindi hiki.

Mtu huyo ndiye aliyesimamisha mji mwezi wa Januari mwaka 1947. Mgomo ulianzia kwa makuli wa bandari na watu wa reli, ukaingia mahotelini, majumbani, mpaka kwa watumishi wa ndani, ukadumu karibu wiki mbili. Walitaka nyongeza, kwa sababu ujira wa kibarua haukutosha kodi ya chumba na chakula. Chege Kibachia, aliyeibuka kiongozi wa chama kilichozaliwa na mgomo ule, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa uhamishoni. Atakayesema siasa za wafanyakazi ni mambo ya Ulaya yaliyoletwa na vitabu, na apewe historia ya bandari ya Kilindini.

Kuhusu ardhi, Mombasa ina kitu ambacho hata wachumi wa mbali huja kukishangaa: nyumba ya mtu juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Majengo, Kisauni, Likoni, familia zimejenga, zimerithishana, zimeuza vyumba, huku kila mwezi au mwaka zikimlipa mwenye ardhi. Kwa desturi ya Waswahili na fikihi, nyumba na kiwanja vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Sheria iliyoletwa na Waingereza inaona kilichosimama juu ya ardhi ni cha mwenye ardhi. Pale mwenye ardhi anapoamua kuuza kwa mjenzi wa ghorofa, ndipo mwenye nyumba anapogundua anamiliki matofali tu. Kuna wakati serikali huingilia kati. Mwaka 2016 ilitoa hati kwa wakaazi wa shamba la ekari zipatazo 930 kule Likoni baada ya kulinunua, na wakaazi wakatakiwa kulipia hati hizo. Wapo walioita hatua ile ujamaa. Mimi naona serikali imekuwa dalali: ardhi ilitoka kwa mmiliki binafsi kwa bei, ikaingia kwa wamiliki binafsi kwa bei.

Na mali ya wakfu tuiweke wapi? Haiuzwi, hairithiwi, na kodi yake inakwenda kwa msikiti, mayatima au wale aliowataja mwenye kuweka. Sheria ya Tume ya Wakfu nchini ni ya mwaka 1951, lakini desturi yenyewe ni ya karne nyingi. Haina faida ya mtu binafsi, haina mpango wa serikali, na ipo katikati ya mji ikipangishwa kwa bei ya soko.

Bei inasema nini, na kwa nani

Tukirudi kwenye mifumo, ugumu mkubwa wa ujamaa wa kimpango haukuwa uvivu wa watu, kama inavyosemwa. Ulikuwa ni habari. Sabuni ngapi zinahitajika Tanga mwezi ujao, na za aina gani? Katika soko hakuna anayelijibu swali hilo peke yake. Sabuni zikiadimika bei inapanda, mwenye duka anaagiza zaidi, mwenye kiwanda anaona kuna faida, na bei inarudi. Hilo ndilo Adam Smith alilolieleza mwaka 1776: kila mtu anatafuta lake, na mkate unafika mezani. Ofisi ya mipango ya Moscow, iliyoanzishwa mwaka 1921, ililazimika kukisia yote hayo kwa makaratasi. Ilifaulu kujenga viwanda vya chuma na kurusha chombo angani, ikashindwa na viatu. Na kwenye kilimo kosa halikuishia kwenye foleni: mashamba ya pamoja yalipolazimishwa chini ya Stalin, njaa ya mwaka 1932 na 1933 iliua mamilioni.

Hapa kwetu tuliionja ladha ndogo ya jambo hilo Julai 2022. Wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ilitangaza pakiti ya unga ya kilo mbili iuzwe shilingi 100, karibu nusu ya bei iliyokuwapo, na wasagaji wafidiwe. Watu wengi waliisikia bei hiyo redioni kuliko walivyoiona dukani. Msagaji asiye na hakika ya lini atalipwa fidia hana haraka ya kusaga.

Lakini bei nayo ni kiziwi. Inasikia pesa, haisikii haja. Mgonjwa asiye na kitu hana sauti sokoni hata akiwa mahututi. Ndiyo sababu ukivuka Likoni kwa miguu hulipi, na gari ndilo linalolipia. Feri ingeachiwa soko tupu, mama wa mboga anayekuja Marikiti kabla jua halijachomoza angetozwa kwenda na kutozwa kurudi, na labda angebaki ng'ambo. Hakuna mfanyabiashara ambaye angebuni nauli ya namna hiyo, na sijasikia hata mpenda soko mkali akitaka ifutwe.

Soko pia huzibwa na wenye soko wenyewe. Waagizaji wachache wa sukari wakikubaliana, bei haipandi kwa sababu ya uhaba, uhaba unaundwa ili bei ipande. Na petroli? Kila tarehe 14 mamlaka ya serikali inatangaza bei ya juu kabisa mji kwa mji, na Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa kuwa mafuta yanashukia hapa. Nchi inayojiita ya soko huria, na mwenye kituo cha mafuta hana ruhusa ya kupandisha hata senti juu ya bei hiyo.

Majirani wawili, njia mbili, zilizokaribiana kuliko tunavyodhani

Mtu wa Mombasa akitaka kulinganisha mifumo hahitaji kwenda Berlin. Lungalunga inatosha. Upande mmoja Kenya, upande wa pili Tanzania, ukoo mmoja, lugha moja.

Jambo ambalo vijana wengi hawakufundishwa ni kwamba Kenya nayo ilijitangaza ya kijamaa, tena mapema. Waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, ambao waziri Tom Mboya alikuwa mhimili wake, ulibeba jina la Ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake, hata hivyo, mali binafsi ililindwa, kutaifisha kukawekewa masharti magumu, na ikaelezwa kwamba pesa za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa haraka zaidi: penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Ukiishi Kinango au Ganze, pande kavu za pwani, unaelewa sentensi hiyo ilimaanisha nini kwa miaka iliyofuata. Oginga Odinga, makamu wa rais aliyetaka ugawaji wa ardhi wa kweli, aliondoka serikalini mwaka 1966, na chama alichokiunda kikapigwa marufuku mwaka 1969. Jina lilikuwa ujamaa. Yaliyofanyika yalikuwa ubepari, na dola ikiwa mshirika mkubwa wa biashara.

Tanzania ilichukua njia yake kwa dhati. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na ndani ya siku chache benki zikawa mali ya umma. Viongozi walikatazwa kuwa na hisa, nyumba za kupangisha na mishahara miwili. Katika miaka ya 1970 mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, mwanzoni kwa hiari, kisha kwa amri, na mahali pengine kwa nyumba kuchomwa moto. Watu walitolewa kwenye mashamba waliyoyajua. Mavuno hayakuja yalivyotarajiwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 sabuni, sukari na kitambaa vilikuwa vya kutafutwa, na mwaka 1983 wenye bidhaa majumbani wakasakwa kama wahujumu uchumi. Waliokuwa na jamaa Tanga wanakumbuka vilivyopita mpakani kwa magendo, hata pale mpaka ulipofungwa rasmi, kuanzia 1977 hadi 1983.

Ni rahisi kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini katika miaka hiyo hiyo Tanzania ilipigwa na kupanda kwa bei ya mafuta mara mbili, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na vita vya Kagera. Ikafundisha watu wazima kusoma kwa kiwango kilichosifiwa barani kote. Ikatoa taifa ambalo kabila la mgombea halijawa karata kuu ya uchaguzi. Kenya ilipata viwanda zaidi, hoteli zaidi, pesa zaidi, na pia pengo kati ya Nyali ya wenye nacho na mtaa wa mabanda wa Owino Uhuru. Mwaka 1985 Nyerere aling'atuka, mwaka uliofuata Tanzania ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na soko likafunguliwa. Katiba yao bado inataja ujamaa. Maduka ya Kariakoo hayautaji.

Makato, nyumba yako, na Wadenishi

Makato ya afya kwenye mshahara si ukomunisti. Bima ya lazima ya afya ilianzishwa Ujerumani mwaka 1883 na Otto von Bismarck, mtu ambaye miaka mitano kabla alikuwa amepitisha sheria ya kuwabana wajamaa. Alitaka wafanyakazi waone hawana haja ya kuwafuata. Unaweza kuchukia asilimia 2.75, na kama hospitali haina dawa una sababu ya kuchukia, ila tafuta jina jingine la kuiita.

Wala ujamaa haukusudii kuchukua shati lako na kitanda chako. Unalenga vitu vya kuzalishia: kiwanda, benki, shamba kubwa. Ni kweli kwamba kwa vitendo mstari huo umevukwa mara nyingi, na ng'ombe wawili wa mkulima wakahesabiwa kuwa mtaji. Mishahara nayo haikuwa sawa hata Moscow. Katiba yao ya mwaka 1936 ilisema kila mtu apate kwa kadiri ya kazi yake.

Denmark na Sweden, zinazotajwa kama ujamaa uliofaulu, zina kampuni binafsi kubwa na mabilionea wa kutosha. Kinachozitofautisha ni kodi nzito na huduma nzuri zinazotokana na kodi hizo, na vyama vya wafanyakazi vyenye meno. Ubepari wenye breki, tuseme hivyo.

Reli, na swali la bandari

Sasa Wachina. Ndani ya Uchina ardhi ya mijini ni ya dola, benki kubwa ni za dola, na chama ni kimoja. Tangu mageuzi ya mwaka 1978 chini ya Deng Xiaoping, viwanda binafsi viliruhusiwa, wakulima wakapewa kulima na kuuza wenyewe, mitaji ya kigeni ikakaribishwa. Utajiri ulikuja baada ya soko kufunguliwa, lakini dola haikuachia usukani. Anayesema Uchina ni ushahidi wa ujamaa, na anayesema ni ushahidi wa ubepari, kila mmoja ameshika upande wake wa tembo.

SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inaonyesha mchanganyiko huo waziwazi. Benki ya dola inayotawaliwa na chama cha kikomunisti iliikopesha serikali ya nchi ya kibepari karibu asilimia 90 ya gharama, sehemu ya mkopo ikiwa na riba ya kibiashara. Reli ni ya umma. Mzigo haukujaa kama ilivyopangwa, na mwaka 2019 ikatoka amri kwamba makontena ya kwenda bara yapande reli. Malori yakasimama, mabohari ya Changamwe na Miritini yakakauka, mama wauza chakula wa Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi wakakosa wateja, na watu wakaandamana mjini wiki baada ya wiki. Novemba 2020 Mahakama Kuu iliiona amri ile si halali. Huo ulikuwa mpango wa kutoka juu kama wa Moscow, ukiletwa ili kulipa deni la kibenki. Weka jina unalotaka.

Ndiyo maana neno ubinafsishaji peke yake halitoshi pale habari ya bandari itakaporudi, nayo itarudi. Dar es Salaam ilitia saini mwaka 2023 mkataba wa miaka 30 na kampuni ya bandari ya DP World kuendesha baadhi ya gati. Kelele zilikuwa kwamba bandari inapewa mtu binafsi, lakini DP World ni mali ya serikali ya Dubai. Gati za umma wa nchi moja zinaendeshwa na umma wa nchi nyingine, kwa faida. Mkataba wa namna hiyo ukiletwa Kilindini, wa kusomwa ni vipengele: ardhi na gati vinabaki kwa jina la nani, miaka mingapi, nani anapanga ushuru wa kontena, kibarua wa leo ataajiriwa na nani na kwa masharti yapi, na mzigo ukipungua, nani analipa pengo. Katika mkopo wa reli pengo hilo liliwekewa dhamana, na aliyeahidi kulijaza ni Mamlaka ya Bandari, kwa mapato ya bandari hii hii.